Amplifaya za thamani: tunasikia kwa masikio au kwa macho?

Miongoni mwa mabishano yasiyokwisha baina ya wapenzi wa muziki, ni machache yanayowagawa watu kama lile la amplifaya. Wapo wanaoshikilia kwamba amplifaya iliyonunuliwa kwa maelfu ya dola huutoa muziki kwa namna ambayo ile ya bei nafuu haiwezi kamwe kuifikia. Wapo pia wanaodai kwamba tofauti hiyo imo katika mfuko wa mnunuzi na katika fikira zake, wala haimo katika sauti. Kila upande una mashahidi wake, na kila upande huuona mwingine kuwa ama una masikio mazito ama umerogwa na wauzaji.

Mimi si fundi wa mitambo. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na hasa fonetiki, yaani taaluma inayochunguza jinsi sauti za lugha zinavyotamkwa, zinavyosafiri hewani na zinavyopokelewa na sikio. Hata hivyo, nimeona ni vyema tulijadili suala hili katika ukumbi huu kwa sababu mbili. Kwanza, mbinu iliyotumiwa kulichunguza ni mbinu ambayo wanaisimu wameizoea kwa miongo mingi. Pili, funzo linalotokana nalo linamhusu kila mwalimu anayeketi mbele ya mwanafunzi, akamsikiliza akizungumza, kisha akamtolea hukumu.

Tuanze na jina lenyewe. Kiswahili chetu kina neno kipaza sauti, ambalo wengi wetu hulitumia kwa vyombo viwili vilivyo tofauti kabisa: kile anachokishika mhutubu karibu na kinywa chake, na lile sanduku linaloutangazia umati maneno yake. Katikati ya vyombo hivyo viwili kipo cha tatu ambacho aghalabu hakionekani. Hicho ndicho amplifaya, au kikuza sauti kama wanavyokiita baadhi ya wataalamu wa istilahi. Kazi yake ni kupokea umeme hafifu unaotoka kwenye santuri, kaseti, redio au sahani ya CD, na kuukuza hadi upate nguvu ya kuzisukuma spika. Mfano wake ni mfano wa mkalimani anayesimama kando ya mgeni anayenong'ona. Mkalimani mwaminifu huyatangaza yale yale aliyonong'onezwa, bila ya kuongeza wala kupunguza. Amplifaya ikiongeza chumvi yake mwenyewe, hata kama chumvi hiyo ni tamu, haiwi tena mkalimani bali mtunzi.

Historia ya chombo hiki yaonyesha jinsi wahandisi walivyoupigania uaminifu huo. Mnamo mwaka wa 1906, Mmarekani Lee de Forest aliunda vali iliyoweza kukuza umeme, kichupa cha kioo kisicho na hewa ambacho huwaka ndani kama kandili ndogo. Vali zilikuza, lakini hazikuwa na uaminifu mkubwa. Tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi Harold Black wa maabara ya Bell alikuwa ndani ya feri akielekea kazini jijini New York wazo lilipomjia, naye akaliandika juu ya gazeti alilokuwa nalo mkononi. Wazo lenyewe lilikuwa hivi: chukua sehemu ya umeme unaotoka, uirudishe mwanzoni ikiwa imegeuzwa kinyume, ili kila kosa ambalo amplifaya imelifanya lijipinge na kujifuta lenyewe. Mbinu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa amplifaya nyingi hadi leo.

Mwaka wa 1947 ulileta mambo mawili kwa mpigo. Katika jarida la Wireless World la Uingereza, D.T.N. Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya ya vali uliokuja kuigwa na mafundi kote duniani. Na mnamo Desemba mwaka uo huo, maabara ya Bell ikazaa transista, kijisehemu kidogo kisichohitaji kioo wala joto, ambacho hatimaye kilizifukuza vali kutoka katika redio zetu nyingi. Toka hapo wapenzi wa muziki wakagawanyika: hawa wa vali, hawa wa transista, na kila kundi na msamiati wake.

Naam, msamiati. Hapa ndipo mwanaisimu anapopata kiti katika baraza hili. Mmarekani J. Gordon Holt alianzisha jarida la Stereophile mwaka wa 1962 kwa imani kwamba amplifaya haina budi kupimwa kwa kusikilizwa, wala si kwa vipimo vya maabara pekee. Imani hiyo ilihitaji maneno, nayo maneno yakaja kwa wingi. Sauti ikasemwa kuwa ni vuguvugu au baridi, kavu au yenye umajimaji, ng'avu au yenye kiza, nyororo au ya kukwaruza. Tazama maneno hayo yatokako. Joto ni la ngozi, kiza ni cha macho, ukavu ni wa mikono na ulimi. Hakuna hata moja lililo la sikio lenyewe. Hilo si ajabu, kwani lugha zote hukopa toka mlango mmoja wa fahamu kwenda mwingine. Sisi pia husema sauti tamu, sauti nzito, sauti nyembamba, ilhali hakuna aliyewahi kuiweka sauti mizanini.

Tatizo la sitiari si kwamba ni za uongo. Tatizo ni kwamba hazina kipimo cha pamoja. Nikisema kamba hii ni ndefu kuliko ile, twaweza kuzilaza kando kwa kando tukaona. Nikisema amplifaya hii ina uvuguvugu kuliko ile, utanihakikishia vipi kwamba uvuguvugu wangu ndio wako? Na zaidi ya hayo, utajuaje kwamba mimi mwenyewe nitalirudia neno lilo hilo kesho nikisikilizishwa chombo kicho hicho bila ya kuambiwa ni kipi? Swali hili la mwisho ndilo lililofungua mlango wa majaribio.

Mbinu niliyoitaja hapo awali huitwa ABX. Msikilizaji huchezewa sauti ya kwanza, A, kisha ya pili, B, kisha ya tatu, X, ambayo ni moja kati ya zile mbili. Kazi yake ni kusema X ni ipi. Hatakiwi kusifu wala kuponda, atambue tu. Mbinu ya aina hii ilielezwa na watafiti wa Bell, W.A. Munson na Mark Gardner, mwaka wa 1950. Mwaka wa 1957, Alvin Liberman na wenzake wa maabara ya Haskins nchini Marekani waliitumia katika uchunguzi mmoja maarufu sana katika taaluma yetu. Walitengeneza kwa mitambo silabi zilizosogea hatua kwa hatua kutoka b hadi d hadi g, wakaona kwamba wasikilizaji waliweza kuzitofautisha vyema silabi zilizoangukia pande mbili za mpaka wa fonimu, lakini wakazichanganya zile zilizokaa ndani ya fonimu moja, ijapokuwa umbali wa kimtambo baina yazo ulikuwa sawa. Mwishoni mwa miaka ya sabini, wapenzi kadhaa wa muziki katika jimbo la Michigan waliitwaa mbinu hiyo, wakaunda kisanduku cha kubadilishia amplifaya bila ya msikilizaji kujua, na mwaka wa 1982 mmoja wao, David Clark, akaieleza katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti.

Matokeo ya majaribio ya aina hii yalikuwaje? Nitayataja matatu.

La kwanza ni la Uingereza. Kampuni ya Quad, iliyoasisiwa na Peter Walker, ilikuwa imetengeneza amplifaya tatu za vizazi tofauti: Quad II ya vali ya mwaka wa 1953, Quad 303 ya transista ya mwaka wa 1967, na Quad 405 ya mwaka wa 1975. Mhandisi James Moir alizishindanisha mbele ya jopo la wasikilizaji ambao hawakuambiwa ni ipi inayolia, naye akayachapisha matokeo katika Wireless World mwaka wa 1978. Hapakupatikana ushahidi kwamba wasikilizaji waliweza kuzitofautisha. Vali za ujana wao na transista za uzee wao zilikuwa zimesema neno moja.

La pili lilitokea Marekani mwaka wa 1985. Mhandisi Bob Carver aliwakabili wahariri wa Stereophile na kuwaambia wachague amplifaya yoyote waipendayo, hata iwe ya bei gani, naye angeirekebisha yake ya bei nafuu hadi isikike sawasawa na hiyo. Wakachagua ya vali, ya thamani kubwa. Carver alifanya kazi yake katika chumba cha hoteli. Alizilisha amplifaya zote mbili muziki mmoja, akayatoa matokeo ya moja kutoka kwa matokeo ya nyingine, akasikiliza mabaki, na kuendelea kurekebisha yake mpaka mabaki yakawa hafifu mno. Mwishowe wahariri, ambao riziki yao ilikuwa ni kuzitofautisha amplifaya, walikiri kwamba hawawezi kuzitofautisha hizo mbili.

La tatu ni la jarida la Stereo Review, la Januari 1987, lililoandikwa na Ian Masters. Amplifaya sita zilishindanishwa. Ya bei ya chini ilikuwa redio-amplifaya ya Pioneer iliyouzwa kwa dola kama 220. Ya bei ya juu ilikuwa jozi ya amplifaya za vali aina ya Futterman, kwa dola kama 12,000. Wasikilizaji walikuwa 25, baadhi yao waumini wa tofauti na baadhi yao wenye shaka. Walipokwisha kujibu mara zaidi ya elfu moja, majibu sahihi yalikuwa takriban nusu, yaani kiasi kile kile ambacho mtu angekipata kwa kurusha sarafu hewani.

Hapa wapo watakaoharakisha kusema: basi amplifaya zote ni sawa, na anayenunua ya ghali ni mpumbavu. La hasha! Huko ni kuruka mto kabla ya kuufikia. Majaribio haya yanasema jambo lenye mipaka, nayo mipaka hiyo ni muhimu kuliko kelele za pande zote mbili.

Niliyashuhudia haya mwenyewe miaka michache iliyopita, nilipoalikwa nyumbani kwa mzee mmoja mstaafu hapa Nairobi ambaye hupenda sana taarabu na muziki wa santuri. Alikuwa na amplifaya tatu. Moja ilikuwa ya transista na ya gharama kubwa, ya pili ya transista na ya bei nafuu, na ya tatu ndogo ya vali, aliyoipenda kama mwanawe wa kitinda mimba. Alinicheza zote tatu waziwazi, akanieleza sifa za kila moja kwa ufasaha ambao ningependa wanafunzi wangu wa insha wauige. Ile ya ghali, alisema, ilikuwa pana na yenye nafasi baina ya ala na ala. Ile ya bei nafuu ilikuwa nyembamba. Ile ya vali ilikuwa na mwili.

Nikamwomba ruhusa ya kutundika shuka mbele ya mitambo. Kwanza tulipima volti zinazofika kwenye spika, tukizilinganisha kwa sauti moja ya majaribio hadi tofauti ikawa chini ya asilimia moja. Jambo hili si dogo. Volti zikizidi kwa asilimia 12 tu, sauti hupanda kwa desibeli moja, na ongezeko la namna hiyo au hata pungufu ya hilo sikio halilitambui kama ukubwa wa sauti, bali hulitambua kama uzuri. Debe tupu haliachi kuvuma, na livumalo zaidi ndilo linunuliwalo. Muuzaji anayeijua siri hii akiigeuza kidogo swichi ya amplifaya anayotaka kuiuza, hahitaji kusema neno jingine.

Mpwa wake alisimama nyuma ya shuka, akawa anarusha sarafu na kubadilisha nyaya kwa kadiri ya sarafu ilivyoanguka. Mimi niliandika majibu. Baina ya ile ya ghali na ile ya bei nafuu, mzee alipata mara 5 katika 10. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, hilo shuka lako limeninyang'anya masikio."

"Mzee wangu," nikamjibu, "limekunyang'anya macho tu. Masikio ungali nayo."

Na kweli alikuwa nayo. Tulipoiweka ile ya vali dhidi ya ile ya bei nafuu, alipata mara 10 katika 10, bila ya kusitasita. Mpwa wake akadhani tumempa ishara. Tulirudia kupima volti, safari hii kwa sauti nzito, za kati na nyembamba, na hapo tukaona kwamba ile ya vali haikuwa ikitoa volti sawa kwa sauti zote. Ilizipandisha baadhi na kuzididimiza nyingine. Ule "mwili" alioutaja haukuwa ndoto. Ulipimika kwa kijimita cha fundi wa mtaani.

Sababu yake yaweza kuelezwa hata katika darasa la fizikia la shule ya upili. Kila amplifaya ina ukinzani wake wa ndani, na spika nayo ina ukinzani ambao hubadilika kwa kadiri sauti inavyokuwa nzito au nyembamba. Tuchukue spika ambayo ukinzani wake ni omu 4 kwa sauti fulani na omu 20 kwa sauti nyingine. Amplifaya ya vali yenye ukinzani wa ndani wa omu 2 itaipa spika hiyo theluthi mbili za volti zake pale penye omu 4, na kama asilimia 91 pale penye omu 20. Tofauti hiyo ni desibeli 2.7, ambayo sikio lolote zima litaisikia. Amplifaya nyingi za transista zina ukinzani wa ndani ulio mdogo mno. Ukiwa sehemu tano katika mia za omu moja, tofauti hushuka hadi chini ya desibeli 0.1, nayo hiyo hakuna anayeisikia.

Kwa hivyo tofauti zipo, nazo zina majina. Ya kwanza ni hiyo ya ukinzani. Ya pili ni nguvu kuisha. Amplifaya ikilazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa kama nyasi zilizofyekwa, na muziki huanza kukwaruza. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Lakini hapa napo tujihadhari na hesabu za matangazo, maana kutoka wati 50 hadi wati 100 si kuongeza ukubwa wa sauti maradufu. Ni kuongeza desibeli 3 tu, ambazo ni ongezeko la wastani. Ya tatu ni mvumo na mkwaruzo unaosikika hata muziki ukinyamaza. Ya nne ni chumvi ya makusudi, kwa kuwa baadhi ya waundaji, hasa wa amplifaya za vali zisizoitumia ile mbinu ya Harold Black, huziacha ziongeze sauti za ziada ambazo hazikuwamo katika santuri, kwa sababu wateja wao wanazipenda. Kupenda si dhambi. Dhambi ni kuiita chumvi hiyo uaminifu.

Nje ya mipaka hiyo minne, yaani pale ambapo amplifaya mbili zimeundwa vyema, zimelinganishwa kwa ukubwa wa sauti, na hazijasukumwa kupita nguvu zake, mimi naamini kwamba fedha za ziada hununua sanduku zuri, uimara, huduma ya fundi na fahari ya mwenye nyumba. Hivyo vyote ni vitu halali vya kununua, mradi anayenunua ajue anachokinunua. Anayetaka sauti bora zaidi na azitumie fedha zake kwenye spika na kwenye chumba chenyewe, kwa mapazia, zulia na mpangilio wa samani, kwani huko tofauti ni kubwa na hazihitaji shuka ili zijulikane.

Waumini wana pingamizi zao, na haki yadai tuzisikilize. Husema kwamba jaribio humtia mtu wasiwasi, na kwamba tofauti nyingine hudhihirika baada ya wiki nyingi. Jibu ni kwamba hakuna kanuni ya ABX inayomlazimisha mtu kuharakisha. Akitaka, na akae na X mwezi mzima nyumbani kwake, mradi asijue ni ipi. Husema pia kwamba masikio hayalingani. Hilo ni kweli, na Kiswahili chenyewe ni shahidi. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa wa mwituni si neno moja. P ya mnyama hutamkwa kwa pumzi inayosukumwa nje, na ile ya nyumba haina pumzi hiyo. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Wengi wetu wa bara hatuisikii tofauti hiyo, na wapo wanaodiriki kusema haipo. Mweke mzawa wa Mombasa nyuma ya pazia, umchezee maneno hayo mara kumi, naye atapata mara kumi. Mimi kutosikia si hoja ya kwamba hakuna cha kusikiwa. Lakini tazama vizuri jinsi mzawa huyo anavyoshinda mabishano. Hashindi kwa kuapa wala kwa kututukana kwamba tuna masikio ya magogo. Anashinda kwa kutambua, tena na tena, bila ya kuona. Anayedai kuisikia tofauti baina ya amplifaya mbili zilizolinganishwa ana njia iyo hiyo mbele yake, nayo iko wazi.

Sasa niwageukie walimu wenzangu, kwani hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la matajiri na mitambo yao. Sikio halikai peke yake kichwani. Mwaka wa 1976, Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akitazama kinywa kinachotamka "ga" huku masikioni mwake ikichezwa sauti ya "ba", wengi husikia "da", silabi ambayo hakuna aliyeitamka. Mwaka wa 1999, mwanaisimu Nancy Niedzielski alichapisha utafiti uliofanywa Detroit. Wasikilizaji walichezewa rekodi moja ya msemaji mmoja, wakatakiwa kuchagua irabu inayofanana na yake. Kundi moja liliandikiwa juu ya karatasi kwamba msemaji ni wa Kanada, jingine kwamba ni wa Michigan. Sauti ilikuwa ile ile, lakini irabu walizozichagua zilitofautiana kwa kadiri ya neno lililoandikwa juu ya karatasi.

Ndugu mwalimu, lisome tena tukio hilo ukiwa umeketi chumba cha mtihani wa mazungumzo. Mbele yako pana orodha ya majina. Jina la kwanza lakuambia mwanafunzi atoka pwani, la pili lakuambia atoka milimani, la tatu lakuambia wazazi wake ni wa kabila ambalo watani hulicheka kwa kuchanganya r na l. Kabla ya mwanafunzi kufungua kinywa, karatasi imekwisha kusema. Je, una hakika kwamba r uliyoisikia ikikosewa ilikosewa kweli? Nimewahi kukaa katika vikao vya kusahihisha ambamo mwanafunzi alikatwa alama kwa "lafudhi", na rekodi yake ilipochezwa upya kwa wasahihishaji wasiojua jina lake, kosa lililodaiwa halikupatikana. Amplifaya ya bei nafuu ikihukumiwa kwa bei yake, hakuna anayeumia isipokuwa muuzaji. Mtoto akihukumiwa kwa jina lake, ni mustakabali wake unaokatwa alama.

Kwa sababu hiyo napendekeza jaribio hili lifanywe madarasani. Halihitaji amplifaya ya dola elfu kumi na mbili. Simu moja yenye kinasa sauti yatosha, pamoja na shuka na sarafu. Warekodini wanafunzi wawili wakisoma sentensi moja, au chukueni maneno ya Kimvita niliyoyataja yakitamkwa na mzawa. Sarafu iamue ni ipi itakayochezwa, na anayecheza asionekane na anayejibu. Rudieni mara 10. Kisha mwalimu wa hisabati aitwe aeleze matokeo: anayebahatisha tu ana uwezekano wa mara 11 katika 1,024, yaani takriban asilimia moja, wa kupata 9 au zaidi, na wa mara 56 katika 1,024, yaani kama asilimia 5.5, wa kupata 8 au zaidi. Kwa hivyo aliyepata 9 tumsadiki kuwa anasikia. Aliyepata 6 tumwombe arudie. Katika kipindi kimoja wanafunzi watakuwa wamejifunza fonetiki, hisabati na adabu ya kutoa ushahidi.

Na kwa yule mwanafunzi ambaye amekwisha kuanza kuweka akiba ili siku moja anunue amplifaya ya ndoto zake, sina neno la kumkataza. Akifika dukani asisahau tu kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Amwombe muuzaji alinganishe sauti kwa kipimo, azifunike zote mbili kwa kitambaa, na amruhusu asikilize mara kumi. Muuzaji akikubali, huyo ni mtu wa kufanya naye biashara. Akikataa, mwanafunzi aulize ni kwa nini macho yanahitajika katika kazi ya masikio.